Magari ya kampuni: kila dereva na fundi wake, mkataba na gereji, au tuajiri fundi?

Msimamizi_Magari
Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa magari saba, pickup nne na vani tatu. Mpaka sasa kila dereva anapeleka gari kwa fundi anayemjua, kisha analeta risiti. Bosi anataka nichague: tuendelee hivyo, tuingie mkataba na gereji moja, au tuajiri fundi wetu. Risiti zinazidi kujaa na magari bado yanachemsha njiani.

Fundi_Grisi
Mkuu, kwa magari saba fundi wa kuajiriwa atashinda amekaa. Na kazi kubwa zikija, bila vifaa atazipeleka nje vilevile. Mimi nipo upande wa mkataba, kwa sababu historia ya gari inakaa sehemu moja. Chukua mafuta ya breki: yananyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe kila miaka 2 hivi, hata kama gari halitembei sana. Gari lililopita kwa mafundi watano, nani anakumbuka yalibadilishwa lini?

Mhasibu_Mkali
Mkataba sawa, ila usome mpaka mwisho. Wetu ulihesabu servisi kwa miezi tu, tukawa tunalipia kumwaga oili ya gari ambalo halijafikisha hata kilomita 1,000. Na dai spea za zamani zirudi ofisini. Siku ya kwanza tulipodai, tuliletewa pedi za breki za gari dogo. Gari letu lilikuwa lori!

Mama_Vani
Nimtetee kidogo fundi wa dereva. Balbu, wipa na pancha acha zimalizwe hukohuko njiani. Ukisubiri gereji ya mkataba kwa balbu moja, dereva atatembea na taa moja usiku kucha.

Dereva_Zamu
Nyie mnabishana gereji, mimi ndiye nakaa kwenye usukani. Niliandika kwenye kitabu cha kuripoti ubovu "pedali ya breki inazama" siku tatu mfululizo. Karani aligonga muhuri siku zote tatu. Ya nne nikakataa kutoka, nikaitwa mvivu. Fundi akaingia chini ya gari, akatoka na vidole vimelowa: silinda ya breki ya gurudumu la nyuma inavuja, tairi lote kwa ndani limelowa. Na mkataba na gereji tulikuwa nao.

Msimamizi_Magari
Duh. Kumbe swali langu lilitakiwa kuwa nani ana ruhusa ya kulizuia gari lisitoke.

Fundi_Grisi
Hapo umefika. Na huyo anayelizuia awe amelitazama kweli. Asubuhi kabla ya kuwasha, dakika kumi zinatosha: kijiti cha oili, maji ya rejeta injini ikiwa baridi (ikiwa ya moto usiguse mfuniko, mvuke utakuunguza uso), taa zote, na madoa chini gari lilipolala. Upepo upimwe tairi likiwa halijatembea, kwa namba zilizobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, wengi wanajaza kwa hiyo. Meno yakibaki milimita 1.6, nchi nyingi sheria inakukataza, lakini kwa mvua mimi sisubiri yafike huko. Halafu soma tarakimu nne kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zee lenye meno mazima limewaponza wengi.

Msimamizi_Magari
Basi nachukua mkataba, servisi ihesabiwe kwa kilomita au muda kama kitabu cha mtengenezaji wa gari kinavyosema, spea za zamani zirudi, vitu vidogo dereva amalize mwenyewe. Na kwenye kitabu cha kuripoti ubovu naongeza sehemu ya "gari lisitoke", anasaini dereva. Bosi ameshauliza: je, wakianza kusaini kila Jumatatu asubuhi?

Dereva_Zamu
Mwambie hiyo Jumatatu aje na tochi.