Machubwi ya risasi: chungu kimefanya uji, kosa ni nini?

Mvuvi wa Shela:
Salamu wakuu. Kuna kilo 6 za vile vyuma vya kubalansi tairi, vimetoka kwa mafundi wa pancha Malindi (huku Amu twapanda punda, havipatikani). Vyatakiwa machubwi (vizito vya kuzamisha mshipi) ya robo kilo, ya mshipi wa chini. Naisema risasi madini, si ya bunduki, asije mtu akaita askari. Nusu imeyeyushwa kwa jiko la makaa: juu pamefanya uji wa kijivu usiomiminika, na machubwi yametoka na mikunjo na vishimo. Kalibu ni bomba la maji la nusu inchi, limepasuliwa kwa urefu na kufungwa waya. Je, risasi ya betri kuukuu yafaa kuongezea?

Fundi Jeti, Malindi:
Uji huo ni zinki. Siku hizi vyuma vingi vya tairi si risasi tena. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na hiyo ya tairi chini kidogo kwa kuwa ina antimoni, madini ya kuikaza. Zinki husubiri mpaka 419. Moto ukiwa wa wastani, zinki huelea nzima juu pamoja na vibanio vya chuma, nawe waviopoa mara moja kwa kijiko cha chuma. Ukipuliza makaa yakawa mekundu, zinki imeshaingia kwenye risasi.

Bora kuchambua kabla. Bana ukingo kwa koleo: risasi hubonyea, zinki hugoma. Sugua kwenye karatasi, risasi huchora kama penseli. Angusha sakafuni, zinki hulia kengele, risasi hufanya “du” basi. Vingine vimeandikwa kabisa Zn (zinki) au Fe (chuma).

Nusu iliyoharibika usiitupe. Iyeyushe tena, punguza makaa, iache ipoe polepole mpaka utando wa juu ugande ilhali chini bado maji, kisha uondoe utando. Zinki nyingi hutoka nao. Halafu tia kipande cha nta au mshumaa, ukubwa wa kunde, koroga, engua taka nyeusi. Nta hushika moto, usishtuke.

Mikunjo ni kalibu baridi. Liweke kando ya jiko lipate moto, na machubwi mawili ya kwanza yarudishe chunguni. Ndani lifukize kwa koroboi, yale masizi hufanya risasi iteleze na kubanduka. Vishimo ni unyevu, au umeacha kumimina mapema: risasi ikiganda husinyaa, endelea kuongezea juu mpaka ishibe.

Na hilo bomba la maji limepakwa zinki! Tafuta jeusi, lisilopakwa. Lenye milimita 16 ndani hutoa karibu gramu 22.8 kwa kila sentimita, kwa hiyo robo kilo ni sentimita 11.

Mvuvi wa Shela:
Shukrani fundi. Sufuria ya kawaida yafaa? Na kalibu lasimamishwa kwenye mchanga wa pwani.

Fundi Jeti, Malindi:
Sufuria ya alumini, hapana. Juu ya makaa hulegea, na kilo 3 za risasi zikitoboa kitako utakimbilia wapi? Tumia chungu cha chuma, na kisirudi jikoni tena. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi huvuta maji: ukaange kwanza mpaka ukauke kabisa. Tone la maji chini ya risasi hugeuka mvuke, likatanuka zaidi ya mara elfu moja, na risasi yote hukurukia usoni. Hata chuma kipya cha tairi usikitumbukize kibichi kwenye chungu chenye moto, kikaushe ukingoni. Viatu vya kufunika, miwani, suruali ndefu.

Mama Mayungu:
Betri usiguse. Ndani ya vile vibao mna asidi na unga ambao jiko haliuyeyushi, na betri mpya zina kalisiamu; ikichanganyika na antimoni na aseniki ya risasi nyingine, taka zake zikipata unyevu hutoa gesi ya sumu. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliodhurika na sumu ya risasi ya kiwanda, ni betri hizo hizo, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Hata hii ya tairi, yeyushia nje, upepo wa kaskazi au kusi ukupige mgongoni. Kinachoumiza zaidi ni vumbi la taka: latoka mkononi laingia mdomoni, na watoto ndio huathirika kwanza. Taka zifungie koponi, nawa kwa sabuni kabla ya kula, nguo zifuliwe mbali na za watoto.

Fundi Jeti, Malindi:
Kitanzi weka waya wa shaba, uutie kabla hujamimina, ncha zikunjwe ndani zisichomoke. Robo kilo yatosha maji mafu. Bamvua mkondo ukivuta, fanya sentimita 15 au 16. Na chubwi lifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi, likikwama mwambani likatike lenyewe, ndoana na changu wako warudi.