Tovuti za mteja kujipangia kompyuta: nipime nini?

fundi_msimbazi
Wakuu, salaam. Nina duka la kompyuta Kariakoo. Nataka tovuti ambayo mteja anajipangia mashine mwenyewe: prosesa, RAM, diski, kesi, kisha analipa. Kabla sijamlipa mtu wa kuitengeneza, nakagua za wenzetu. PCPartPicker naikubali, ukiweka vifaa visivyooana inakuonya, na makadirio ya wati unayaona palepale. Ila inamfaa anayejua anachotafuta. Dell wao wanakupa mashine iliyokwisha kupangwa, unabadilisha vichache. Mteja wangu mimi yuko kwenye simu, bando la mawazo, na anachotaka ni kitu kisichogandaganda. Nitajuaje ipi inatumika kirahisi?

bi_mhariri
Kaka, mimi nahariri video za harusi. Ukiniuliza "RAM ya DDR4 au DDR5?" nafunga ukurasa. Niulize nafanya kazi gani na nina shilingi ngapi. Na bei ya jumla nisiikute mwisho kabisa! Kuna tovuti moja nilirudi nyuma kubadilisha diski tu, nikakuta vyote nilivyochagua vimefutika. Nikahamia WhatsApp, nikamtumia muuzaji voisi.

mpimaji
Mkuu, macho yako hayafai kupimia, vifaa unavijua mno. Tafuta watu kama bi_mhariri. Watano wanatosha kuanzia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliliandika hilo mwaka 2000, akishauri upime watano, urekebishe, ndipo uite watano wengine. Kila mmoja mpe kazi: "Panga mashine ya kuhariri video, isizidi milioni mbili na nusu." Atumie simu yake, aseme kwa sauti anachowaza. Wewe kaa kimya. Hapo ndipo wauzaji mnaposhindwa, mdomo unawawasha.

Andika amekwama wapi, amemaliza au hakumaliza, na je, alichopanga kingefanya kazi ile? Hili la mwisho husahaulika, wakati mtu anaweza kumaliza akitabasamu na kapanga takataka. Kisha mpe SUS (System Usability Scale), dodoso la John Brooke la kupima urahisi wa kutumia kitu, sentensi 10, anajibu kwa 1 hadi 5. Alama ni 0 hadi 100 lakini si asilimia. 68 ndiyo inayochukuliwa kuwa wastani. Itakuambia kuna tatizo, haitakuambia liko wapi.

fundi_msimbazi
Na yale maonyo ya vifaa kutooana?

mpimaji
Tega. Mazabodi (bodi kuu) za aina ya B650 zinapokea RAM ya DDR5 tu, sasa jaribu kuipachika DDR4. Tovuti ikikuachia hadi kwenye malipo, hiyo usiige. Ikiandika "haioani" ikanyamaza, bado. Iseme kwa nini, na ionyeshe RAM gani uchukue badala yake.

bi_mhariri
Mkitafuta wa kujaribia nipo, ila bando mnilipie.

fundi_msimbazi
Njoo dukani dada, waifai ipo.

mpimaji
Waifai usimpe, mnunulie bando. Picha zako zikichelewa kufunguka, unatakiwa ulione hilo.