Mafundi wa Mtwara, "tukaze springi" siyo dawa! Nimetoa laki sita na UTV sasa inarusha kama punda

Wakuu, salaam. Leo sina utani na mtu. Nimetoka shambani sasa hivi, kiuno kinawaka, macho mekundu kwa salfa, na mjomba wangu amekataa kupanda chombo changu mbele ya vibarua. Nimetoa shilingi laki sita na elfu arobaini kwenye gereji moja hapa mjini (siitaji, mwenye nayo akisoma atajijua) ili UTV yangu iache kugota nyuma ikibeba mzigo. Imerudi ngumu kuliko toroli.

Kwa wasioijua UTV: ni kile kigari cha wazi cha porini, viti viwili ubavu kwa ubavu, usukani kama wa gari, matairi manene, na nyuma kuna kibodi cha mzigo. Watoto wa kule Tandahimba wanaiita bajaji ya jeshi. Yangu niliinunua mtumba kwa kampuni iliyokuwa inafunga kambi. Siyo zile za kurukia matuta ya jangwani huko Marekani. Hii yangu ni punda wa kazi: Juni hadi Agosti inapeleka salfa kwenye mikorosho, kuanzia Oktoba inatoa korosho shambani kwenda ghalani, na Jumapili mojamoja naipeleka ufukweni Msimbati na wageni maji yakipwa.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Ikiwa tupu, au nimekaa mimi na mjomba, ilikwenda vizuri kabisa. Ikipakiwa mifuko minane ya salfa, kilo 25 kila mmoja, matako yalikuwa yanalala, na kila shimo ilikuwa inagota, chuma kwa chuma. Hilo ndilo nililolipeleka gereji. Sikusema gari ngumu. Sikusema gari laini. Nilisema ikibeba kilo 200 inagota nyuma.

Fundi alifanya nini? Aliisukuma mara moja kwa mguu, akasema, "Bosi, springi zimechoka. Tunakaza." Hakuuliza inabeba kilo ngapi. Hakupiga jeki akatikisa magurudumu kuona kama bushi na boljointi, yale maungio ya magurudumu, zimeisha. Hakugusa shokapu, zile pampu za mafuta zinazotuliza springi, kuona kama zinavuja. Mguu mmoja, hukumu imetoka!

Nikamwachia siku tatu. Ningeweza kuagiza vipuri Dar, lakini tangu Mei 2024, barabara ilipokatika kule Somanga kwa mvua na kimbunga Hidaya, nimekuwa mzito kutegemea basi liniletee kitu. Nikajisemea tuwape kazi wa nyumbani.

Siku ya tatu nakuta springi za nyuma zimetolewa. Zimewekwa springi za pikapu zilizokatwa kwa grenda ili zienee. Jamani! Springi ukiikata hailainiki, inakuwa ngumu zaidi, maana mizunguko iliyobaki ni michache na mzigo ni uleule. Na za pikapu tangu mwanzo zimetengenezwa kubeba gari lenye uzito mara mbili ya hiki kigari changu. Mbele hakubadilisha kitu, ila zile pete za kukazia springi kazizungusha mpaka mwisho wa nyuzi. Na juu ya yote kijana wake kajaza matairi upepo psi 30 "yasipate pancha". Kibandiko cha mashine kiko pale pale mlangoni kwa dereva, kinasema 12 mbele na 14 nyuma. Hakuna aliyehangaika kukisoma.

Nilipolalamika kwamba pua imeinama na nyuma imepanda kama nge, nikajibiwa: "Gari ngumu ndiyo imara. Ulaini ni wa teksi." Nikalipa. Huo ujinga ni wangu, msinisaidie kuusema.

Sasa sikieni ya safari. Nimeishusha kwenye Canter, nimepakia mifuko minne tu, mjomba kakaa kushoto. Ile njia yetu mnaijua wa kule: mchanga mzito, halafu rasta za changarawe, yale mawimbi madogo ya barabarani, kama kilomita kumi, halafu mizizi ya mikorosho. Kwenye rasta usukani ulikuwa unanichapa viganja. Kwenye mzizi wa kwanza nyuma ilirusha, mjomba akaachana na kiti, mfuko mmoja ukapasuka na salfa ikatuvaa wote wawili. Anayejua salfa ikiingia machoni anajua. Mzee wa watu ana miaka 67. Alishuka taratibu, akajifuta uso kwa kofia, akaniambia, "Mjomba, chombo chako kina hasira. Mimi natangulia kwa miguu." Na akatangulia kweli. Nilimkuta shambani ameshakaa kivulini.

Nikarudi gereji. Unajua nilichoambiwa? Kwamba kinacholeta ugumu sasa ni stabilaiza, tuitoe, elfu themanini! Nikiwa nimechoka na kiuno, nikakubali. Ikatoka. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo kubwa kuliko ya hela, kwa hiyo nivumilieni niende polepole.

Stabilaiza ni ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Gurudumu moja likipanda mzizi, fimbo inalivuta na la pili, kwa hiyo ni kweli ukiitoa utasikia ulaini kidogo kwenye mizizi. Lakini kazi yake ni kuzuia kigari kisilale kwenye kona na kwenye mteremko. Atatokea mjuaji hapa aseme mbona Yamaha walitoa ya kwao. Ndiyo, Machi 2009 Yamaha pamoja na tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani walitangaza matengenezo ya bure kwa UTV yao iitwayo Rhino baada ya ajali za kupinduka, na mojawapo ilikuwa kuitoa stabilaiza ya nyuma. Ila walifunga na vipande vya milimita 50 kwenye magurudumu ya nyuma ili mashine itanuke. Walipima, wakatoa huku, wakaongeza kule. Fundi wangu yeye kaipandisha mashine juu kwa springi, halafu kaitoa stabilaiza, halafu upana kauacha vilevile. Juu zaidi, imelegea zaidi, na sisi tunashuka nayo miteremko ya uwanda wa Makonde na mzigo mgongoni. Jumanne iliyopita gurudumu la ndani liliacha ardhi kwenye kona ya mteremko. Mwendo haukufika hata wa baiskeli.

Usiku ule sikulala. Nikatafuta futi ya fundi seremala, jeki na kipimo cha upepo, nikaanza kujifunza mwenyewe.

Kitu cha kwanza kilichonitia uchungu ni kwamba kukaza ile pete hakuiongezei springi ugumu. Springi ni ileile. Unachofanya ni kunyanyua bodi tu. Lakini mbele ya mashine yangu kila shokapu ina springi mbili, fupi laini juu na ndefu ngumu chini. Ile laini ndiyo inayomeza vijiwe na rasta. Ukikaza pete mpaka mwisho, ile laini inabanwa mizunguko yote inagusana, inakufa, unabaki na ngumu peke yake. Yaani alikaza kitu pekee kilichokuwa kinanipa raha.

Cha pili ni kuzama. Hizi mashine zinatakiwa ukikaa na mzigo wako wa kawaida, zizame zenyewe kama robo hadi theluthi ya safari yote ya gurudumu, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka. Kule kuzama ndiko kunakoliacha gurudumu lishuke kwenye shimo badala ya bodi nzima kuanguka nalo. Yangu gurudumu la nyuma lina safari ya sentimita 25 hivi. Nikamkalisha kijana kwenye kiti changu, nikaisukuma mbele na nyuma itulie, nikapima: imezama sentimita mbili. Mbili! Kwa hiyo kila shimo gurudumu linaning'inia, linavuta shokapu mpaka mwisho likiwa hewani, na ule mlio wa "gwa" niliokuwa nauogopa ninapogota chini, sasa naupata kwa kugota juu. Na hapo sijalipia bure, nimelipia kwa jasho.

Halafu kurusha. Springi ngumu ukiibana inarudi kwa nguvu, na wa kuizuia isirudi kwa fujo ni shokapu, siyo springi. Shokapu zangu zilipangiwa springi za kiwandani. Hizi za pikapu zinazishinda nguvu, ndiyo maana nyuma inatupa kama punda aliyekanyagwa mkia. Na kwenye rasta ndefu zinachemka: baada ya zile kilomita kumi niligusa shokapu ya nyuma nikaondoa kidole haraka. Mafuta yakichemka yanakuwa mepesi kama maji na kazi ya kuzuia inaisha, unabaki unarukaruka juu ya springi tupu.

Mniambie sasa, katika yote hayo, ipi ilihitaji laki sita? Siku hiyohiyo nilitoa upepo kutoka 30 hadi 12 na 14, bure, kwa mti wa kiberiti. Tairi ndiyo springi ya kwanza, linapokutana na jiwe linatakiwa lilikumbatie. Kwa 30 lilikuwa mpira wa miguu. Kwa hilo tu usukani uliacha kunichapa, na kwenye mchanga ikaacha kujichimbia. Pete za mbele nikazirudisha mpaka ile springi laini ikapumua. Bure tena! Nusu ya maumivu imeondoka kwa saa moja ya Jumapili, na mtu aliyejiita bingwa alikuwa na siku tatu. (Msishushe upepo chini ya hapo mkiwa na mzigo, tairi litang'oka kwenye rimu au rimu itapiga jiwe. Nasema mapema kabla hamjanilaumu.)

Najua kuna atakayeandika "tatizo barabara, mkuu." Sikatai, lakini hiki chombo kilitengenezwa kwa mahali pasipo barabara. Kikishindwa kwenye njia ya kwenda kwenye mikorosho, aliyekishika ndiye tatizo.

Shokapu moja ya nyuma sasa inatoa mafuta. Hizi zina gesi ya naitrojeni ndani, inakandamiza mafuta yasitoe povu. Nilipouliza nani anaweza kuifungua na kuijaza upya, yule yule fundi akasema, bila hata kupepesa, "Tutajaza oksijeni ya kuchomelea, gesi ni gesi." Wakuu, oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta inalipuka. Huo siyo ufundi, hilo ni bomu unalofungiwa chini ya kiti! Niliondoka bila kuaga. Kama kuna kijana anajifunza kwenye gereji ile, mzazi wake amtoe leo.

Nikasema basi, tuyamalize, nirudishieni springi zangu za kiwandani na stabilaiza yangu, nitafunga mwenyewe, na hela kaeni nazo. Stabilaiza nimeipata, ilikuwa imeegeshwa nyuma ya mtungi wa gesi. Springi? Wakaangaliana. Mmoja akacheka. Wameshaziuza kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kilo, pamoja na mabomba ya eksozi. Springi zilizopimwa na wahandisi kwa ajili ya mashine ile, zimeuzwa kwa bei ambayo hainunui hata soda ya mjomba. Nilipodai walipe, nikaambiwa "kifaa kikitoka kwenye gari kinakuwa cha gereji, ndiyo utaratibu." Utaratibu wa nani? Mbona hamkuubandika ukutani pale kwenye kalenda?

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba kwenu, na tafadhali msijaze uzi kwa "pole sana mkuu", haizuii kugota. Aliyepo Mtwara, Lindi, Masasi au hata Nachingwea anayemjua mtu mwenye mtungi wa naitrojeni na anayejua kufungua shokapu ya gesi, aje inbox. Siyo naitrojeni ya kujazia matairi, ile mgandamizo wake hautoshi. Na mwenye kuijua sheria, kama fundi anaweza kuuza vifaa vya mteja bila kumuuliza, aandike hapa hapa wote wasome.

Na springi zenyewe: ni nne, jozi mbili, mbili fupi na mbili ndefu, rangi nyeusi, moja ya ndefu ina alama ya rangi ya njano kwenye mzunguko wa chini. Zilipimwa kwenye mzani wa vyuma chakavu upande wa Chikongola Ijumaa iliyopita. Kama hazijapakiwa kwenda Dar, nazinunua leo usiku kwa bei mara tatu ya waliyonunulia. Kesho asubuhi kuna mifuko 20 ya salfa inanisubiri, na mjomba ameshasema anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwa miguu.