Naomba ushauri: kisukari na mazoezi ya triathloni ndefu

Habari zenu wakuu. Najiandaa kwa triathloni ya masafa kamili: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42.2. Nina kisukari aina ya kwanza, najichoma insulini kila siku. Baiskeli ndiyo inanitesa. Jumamosi, barabara ya Bagamoyo, sukari ya damu ilishuka hadi 3.1 mmol/L, vidole vikatetemeka, hata kufungua mfuko wa tende nikashindwa. Daktari ameniruhusu kuendelea na kanipunguzia dozi siku za mazoezi, ila anasema hajawahi kuhudumia mwanamichezo wa aina hii. Wenye uzoefu, baharini mnabebaje glukosi isilowe? Na usiku baada ya mazoezi marefu, sukari ikishuka mkiwa usingizini, mnafanyaje? Hapo ndipo naogopa zaidi, maana nalala peke yangu.