MJADALA: Muuzaji akatae kukuuzia samaki kama maji yako hayamfai?

Mwanzisha mada
Wadau wa matangi yenye mimea, leo nataka tubishane kidogo. Nimefika mahali naona muuzaji wa samaki alazimishwe na sheria kuuliza maswali matatu kabla hajamtia samaki kwenye mfuko: tangi lako lita ngapi, lina maji tangu lini, na maji yenyewe ni magumu (yana chokaa na madini mengi) au laini. Ukishindwa kujibu huuziwi. Najua kuna watakaosema nawatia watu gundu kwenye biashara zao, ila nisikilizeni kwanza.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 40, nikaweka kokoto, mimea mitatu, maji yanang'aa, siku ya pili tu huyoo nimeenda kuchukua samaki. Nikauziwa neoni kumi, goldifishi wawili na mmoja mweusi wa kunyonya kioo, nikaambiwa huyo ndo fundi usafi, kila uchafu anaumaliza yeye. Wiki haijaisha neoni wamebaki watatu, wanapumulia juu juu, matamvua mekundu. Goldifishi ndo kwanza wananenepa, mimea wameing'oa yote wanaitafuna kama mbuzi aliyekata kamba. Na mimi kila nikikuta mmoja kaelea namwaga maji yote nasugua na kokoto, kumbe ndo nawamalizia.

Baadaye nikaja kuelewa. Samaki anatoa amonia ambayo ni sumu, na tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza iwe nitriti, nayo sumu, halafu nitrati isiyo na madhara sana, hao bakteria wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye filta na kokoto, kwahiyo kila nikisugua naanza moja. Hapo bado sijagusa kwamba neoni kwao ni maji laini yenye asidi kidogo ya Amazoni, goldifishi anataka ubaridi wa nyuzi 18 hadi 22 hivi, na yule mnyonya kioo akikua anapita sentimita 30, kwenye lita 40! Hawa watatu hawakutakiwa kukutana kabisa na aliyeniuzia alikuwa anajua fika.

Na sio kwamba natunga jambo jipya, Italia mji wa Monza walikataza bakuli la duara la samaki 2004, Roma wakafuata 2005. Ila bakuli mimi naliona tatizo dogo. Kubwa ni samaki na maji yasiyopatana.

Mbishi wa Zamani
Pole kwa neoni mkuu, ila wewe unatafuta mzazi sio muuzaji. Kokoto ulisugua mwenyewe, sheria ingekufuata mpaka sebuleni?

Alafu hilo la maji magumu na laini mnalikuza mno. Neoni wengi tunaonunua hawajawahi kuiona Amazoni, wamezalishwa na binadamu vizazi na vizazi, maji ya bomba wameshayazoea. Mimi wangu wako kwenye pH 7.6 (kile kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi) huu mwaka wa tatu. Kinachoua samaki ni mahangaiko, leo umemwaga dawa ya kushusha pH, kesho imepanda yenyewe kwasababu maji yako yana kaboneti kibao, keshokutwa unamwaga tena, samaki anapandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisima. Bora 7.6 iliyotulia kuliko 6.5 ya kubahatisha.

Bibi Majani
Mjukuu wangu hapo kwenye kutulia nakuunga mkono, dawa za pH hata mimi sizitaki. Ila kuna kitu umekiruka. Amonia ile ile, kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 inayokuwa sumu kali ni kama nusu asilimia tu, kwenye pH 8 inafika asilimia 5 hivi. Mara kumi! Kwahiyo mwenye maji magumu, ambayo mara nyingi pH yake iko juu, akikosea kidogo analipa zaidi, huyo aliyepoteza neoni saba huenda ndo kilichompata. Halafu kuishi ni kitu kimoja, hao wako wamewahi kutaga mayai yakaanguliwa? Kwenye maji magumu mayai ya neoni ni kazi kweli kweli.

Na mbona wote mmeisahau mimea wakati tangi ni la mimea? Mimi naanza na maji yaliyopo, kisha mimea inayoyapenda, samaki wa mwisho kabisa. Maji magumu wekeni valisineria, yenyewe inajua kuchota kaboni kwenye bikaboneti ya maji. Anubiasi na jimbi la Java hazina makuu, mwanga kidogo zinatosheka, ila msizifukie lile shina lao nene litaoza, funga kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Kriptokorine ukiihamisha itapukutisha majani yote utadhani imekufa, usiing'oe, iache itachipua. Jaza mimea inayokua haraka tangu siku ya kwanza maana inakula amonia moja kwa moja, subiri uone majani mapya, pima maji usikute amonia wala nitriti, ndo uende kutafuta samaki, tena wachache wachache.

Fundi Pampu
Bibi shikamoo, ila anubiasi na jimbi kila siku, tangi gani hilo, kaburi? Ukitaka zulia la kijani kule mbele na mimea myekundu lazima uweke gesi ya kaboni (kaboni dayoksaidi) na taa ya maana, miligramu 20 hadi 30 kwa lita, bila hivyo unalima mwani tu. Na gesi ikiyeyuka pH inashuka pia, samaki wa maji laini wanafurahi.

Bibi Majani
Marahaba. Wanafurahi mpaka siku valvu ikigoma usiku mwanangu. Taa ikizimwa mimea nayo inavuta oksijeni na kutoa kaboni kama samaki tu, ukiacha gesi inatiririka mpaka asubuhi utawakuta wamejipanga juu wanatweta. Gesi ifunguke kabla ya taa kwa saa moja mbili, ifungwe kabla taa haijazimwa, na maji juu yatikisike kidogo. Tena hiyo pH inayoshuka kwa gesi haibadilishi ugumu wa maji hata chembe, usimdanganye mtu kwamba ameyalainisha.

Na taa masaa 6 hadi 8 yanatosha, wenye mwani wengi ukiwauliza wanawasha 12.

Mbishi wa Zamani
Haya, umenipata kwenye mayai. Ila sheria bado nakataa, nani atapima? Watu wana ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja, ukiiweka kwenye sheria ndo balaa, maana kwa kanuni hiyo samaki mmoja wa sentimita 20 ni sawa na neoni watano wa sentimita 4. Chukua hao watano kwenye mkono huu na yule mmoja mkono huu, wanalingana kweli? Samaki akirefuka mara mbili mwili wake unakuwa kama mara nane.

Mwanzisha mada
Mzee hiyo hesabu ndo inanisaidia mimi. Basi natoa kidogo, tuache kumkatalia mnunuzi, ila kila tangi dukani liwe na kibandiko: huyu akikua anafika sentimita ngapi, nyuzi ngapi, maji gani, anakaa peke yake au kundi. Mtu akisoma "sentimita 30" atajifikiria. Maana asipojua mwisho wake anaenda kumtupa mtoni anajiona amefanya huruma. Hao wanyonya kioo wameshasambaa Florida na Mexico, wanachimba mashimo kwenye kingo mpaka zinabomoka, na mmea wa hidrila uliingia Florida miaka ya 1950 kwa biashara hii hii ya matangi ukaziba mito na maziwa. Hapo sio suala la sebule yangu tena, ni maji ya watu wote.

Mbishi wa Zamani
Kibandiko sawa, hicho nakipigia kura. Wangeandika na goldifishi "anakula mimea yako" kwa herufi kubwa.

Fundi Pampu
Na samaki wa diskasi waandikiwe "nyuzi 28 hadi 30". Mtu anawachanganya na mimea ya ubaridi halafu anashangaa inayeyuka. Kwenye joto hilo na oksijeni yenyewe inapungua, nyuzi 20 maji yanabeba kama miligramu 9 kwa lita, nyuzi 30 saba na nusu hivi.

Mgeni wa Jana
Samahanini wakubwa naingilia, mie tangi langu lita 60, maji magumu sana, birika linashika ukoko mweupe kila wiki. Nina valisineria zimeanza kusambaa, mwezi wa pili sasa, nikipima amonia sioni kitu. Nilitaka samaki wa beta na gapi pamoja mnaonaje

Bibi Majani
Hapo umefanya vizuri kuliko sisi wote tulivyoanza. Gapi maji yako ndo yao kabisa. Beta mwache, lile pezi la gapi dume akiliona atadhani ni beta mwenzake amwandame mpaka alichanechane. Kama unampenda beta mpe tangi lake, lita 20 na hita, asikudanganye mtu kwamba kwa sababu anavuta hewa juu basi anatosha kwenye glasi.

Mgeni wa Jana
Asante bibi. Kwa kweli gapi nshawachukua leo asubuhi, sita. Muuzaji hakuniuliza hata swali moja 😅

Mwanzisha mada
Si ndo nlichosema!

Mbishi wa Zamani
Madume wangapi majike wangapi?

Mgeni wa Jana
Majike wote, nilichagua hivyo makusudi ili wasizaliane.

Mbishi wa Zamani
Walikuwa tangi moja na madume hapo dukani?

Mgeni wa Jana
Ndio, wamechanganywa wote

Mbishi wa Zamani
Jike la gapi linatunza mbegu za dume tumboni miezi kadhaa ndugu yangu, linazaa bila dume kuwepo. Ongeza valisineria, vitoto vipate pa kujificha.

Fundi Pampu
Kibandiko kiongezwe mstari.