Suzuki X-90 ya 1996 inauzwa Moshi: inafaa kununua ya kutunza?

mwanga_wa_pasua: Wakuu, habari za jioni. Kuna X-90 inauzwa huku Majengo, ile ya viti viwili yenye paa la vioo viwili vinavyotoka. Gia za mkono, 4x4, inawaka, kadi ipo. Fundi mmoja anasema ni mzigo, haina spea. Naitaka ya kutunza, si ya kazi. Nikague nini?

spana_kumi: Mkuu, spea za injini zisikunyime usingizi. Chini ya bodi lile kuna Suzuki Escudo: chesisi, injini ya G16 ya 1,590cc yenye vali 16, gia boksi, difu, breki. Shida ni vioo vya paa, raba zake, mfuniko wa buti na taa za nyuma. Hivyo ni vya X-90 peke yake. Kwa hiyo bei ipime kwa bodi. Iliyokufa injini lakini bodi lake ni kamili inazungumzika. Iliyokosa kioo kimoja cha paa, achana nayo hata kama inanguruma vizuri.

Uchache wake una sababu. Suzuki waliionyesha Tokyo mwaka 1993, ikaingia sokoni 1995, na 1997 wakaacha kuiunda. Wapenda magari ya spoti waliiona ndefu kwenda juu, wapenda 4x4 wakaona haibebi mtu wala mzigo. Umbo hilohilo ndilo linalotafutwa sasa, kwa hiyo usiruhusu mtu akukatie buti uwe na pikapu. Thamani yote imekaa hapo.

raba_na_sili: Naongezea kuhusu paa, maana ndilo linaloua magari haya. Omba mpira wa maji, mwagia paa dakika 10, halafu ingiza mkono chini ya kapeti, upande wa dereva na wa abiria. Lile sponji la chini likikamuliwa likatoa maji ya kahawia, sakafu inaliwa tayari. Gonga bati kwa mpini wa bisibisi: zima linalia, bovu au lenye puti linatoa sauti nzito iliyokufa. Kisha lala chini uangalie chesisi karibu na matairi ya nyuma, hasa pale mikono ya saspensheni inaposhika.

mwanga_wa_pasua: Raba zimekakamaa. Fundi anataka kuziba kwa silikoni kabla ya masika.

raba_na_sili: Asithubutu, ndugu yangu! Silikoni ya gundi inanata kwenye kioo. Siku ukitaka kukitoa unachana raba ambayo hupati nyingine, na maji yaliyojificha nyuma yake yanakula fremu taratibu. Osha raba kwa maji na sabuni laini, zikauke, pakaza grisi ya silikoni kidogo kwa kitambaa, rudia kila baada ya miezi mitatu. Grisi ya bearing usiguse, mafuta yake yanavimbisha raba. Zibua pia mifereji ya pembeni, vumbi letu linaganda humo kama udongo wa tofali.

krenki_shafti: Kwenye injini, iache isailensi, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, huku ukitazama puli ya krenki (shafti kuu ya injini). Ikiyumba, ondoka au shusha bei sana. Chanzo chake ni bolti kutokazwa sawasawa baada ya kubadili taimingi belti, mkanda unaozungusha vali kwa wakati wake: kii, kile kichuma kinachofunga puli na krenki, inacheza, inakula mfereji wake kwenye krenki, taimingi inahama, gari linakosa nguvu. Bolti ile inakazwa Nm 130 kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si kwa kukisia. Belti yenyewe badilisha mara tu ukinunua, na oili weka lita 4.2 pamoja na filta.

Angalia na mshale wa joto. Ukibaki chini hata baada ya kupanda kutoka Moshi hadi Marangu, themostati (vali inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate moto) imeng'olewa. Rudisha. Bloku na silinda hedi ni alumini zote mbili, kwa hiyo weka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya bomba matupu yanazitoboa.

spana_kumi: Na 4x4 usiiweke kwenye lami kavu hata kwa majaribio. Tafuta barabara ya vumbi, weka, nenda mita 50, toa, sikiliza.