Nimebadili mlo, CRP imepanda badala ya kushuka. Nirudi kwenye ulaji wa zamani?

Bintitulivu: Habari zenu wakuu. Nina miaka 23. Januari nilipima CRP, kile kipimo cha damu kinachoonyesha inflamesheni (uvimbe wa ndani ya mwili), ikaja 0.9. Nikaacha soda, nyama za kusindikwa na vya kukaanga. Nikahamia samaki, kunde, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa. Miezi mitatu, sijateleza hata siku moja. Juzi nimerudia: 4.1! Karatasi nimeisoma hadi imechakaa kwenye mikunjo. Inamaana huu mlo ndio unaniletea inflamesheni? Naombeni ushauri.

MzeeWaKijiwe: Nina miaka 51, nakula kila kinachopita mbele yangu, hata presha sijawahi kupima. Nyie watoto mnajitafutia magonjwa.

Kijiko: Pole mdogo wangu. Mimi nilipungua kilo 11 kwa kutembea tu, magoti yakaacha kulia. Anza kutembea. Nilianza na viatu vibovu, kucha mbili zikang'oka, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

WaMaabara: Juzi ulipotolewa damu ulikuwa na mafua, kidonda, jino? CRP inatoka kwenye ini, na mafua tu yanatosha kuipandisha. Ndiyo maana hupimwa mara mbili, wiki mbili zikipita katikati, unachukua wastani. Chini ya 1 iko chini, 1 hadi 3 ya kati, zaidi ya 3 iko juu. Ikivuka 10 tafuta maambukizi kwanza. Na dawa gani unatumia?

Bintitulivu: Juzi nilikuwa mzima kabisa. Dawa situmii.

WaMaabara: Hata vidonge vya uzazi wa mpango?

Bintitulivu: Kwani hivyo ni dawa? Nilianza Februari. Lakini mimi nimeuliza chakula jamani. Na siviachi, vimenitulizia maumivu ya hedhi. Bora niache huu mlo, tena nimeshaagiza mafuta ya samaki ya miezi sita.

WaMaabara: Ndipo penyewe hapo. Vidonge vyenye estrojeni hulifanya ini litoe CRP zaidi, inaweza kufika maradufu au kupita, na msichana haumwi popote. Anayetafiti lishe kwa wasichana asipouliza hilo, atawalaumu samaki bure.

MchaMungu: Umeolewa lakini? Tuanzie hapo.

Kijiko: Maumivu ya hedhi na ndoa wapi na wapi?

Mchunguzi: Mimi naona tangazo. Miaka 23, haumwi, anapima CRP mara mbili, halafu mafuta ya samaki ya miezi sita yamechomekwa katikati kimyakimya. Wiki ijayo: "nimepona, njooni pembeni niwape namba."

Bintitulivu: Mama yangu ana baridi yabisi, vidole vimepinda, kufunga vifungo vya gauni hawezi. Niliogopa ndiyo maana nikapima. Majibu yote mawili haya hapa, jina nimeficha.

Mchunguzi: Haya, samahani. Ila mbona la Januari limeandikwa mg/dL na la juzi mg/L?

WaMaabara: Umeona mbali. 0.9 kwa desilita ni 9 kwa lita! Dada, imeshuka, kutoka 9 hadi 4.1, na vidonge unameza. Sasa hiyo 9 ilitoka wapi? Januari ulikuwa na nini?

Bintitulivu: Wiki ile nilikuwa nimeng'oa jino, shavu limevimba. Si mliniuliza ya juzi tu?